Ndovu Asiye na Harufu

Waliteremka Voi watu kama mia moja na ishirini, Agosti ya mwaka 1997, wote wamening'iniza majina yao vifuani kama watoto wa nasari wanaoogopewa kupotea. Walikuwa maprofesa. Walitoka Ulaya, Marekani, Ujapani, na wachache Nairobi, na karibu kila mmoja alikuwa amevaa koti la kaki lenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani. Walikuja kuzungumza kwa siku nne juu ya mashine inayomfanya mtu aone kitu ambacho hakipo.

Sibuni. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao. Unavishwa kofia kubwa yenye vioo viwili vidogo mbele ya macho, waya mnene unatoka kisogoni mpaka kwenye kompyuta yenye ukubwa wa friji, na humo ndani ya kofia unaona nyumba, au mto, au ndovu. Ukigeuza shingo picha nayo inageuka, lakini baada ya kufikiri kidogo. Ukikaa nayo dakika kumi unataka kutapika. Kwa ajili ya hayo watu wazima walikuwa wamepewa udaktari, na wengine walikuwa wamezeekea humo.

Jina la Kiswahili la kongamano lilitungwa na Dakta Mutunga, mhadhiri wa Nairobi aliyekuwa mwenyekiti wa maandalizi upande wa Kenya. Mimi nilikuwa nimempendekezea maneno mepesi, mandhari ya kubuni, akaniambia hayana uzito wa kimataifa. Akatundika kitambaa juu ya barabara karibu na kituo cha petroli, kimeandikwa KONGAMANO LA KIMATAIFA LA UHAKIKA USIO HAKIKA. Wiki nzima wateja wa duka la babangu walibishana kama ni kampuni mpya ya bima au ni mkutano wa injili. Mzee mmoja alishikilia kwamba lazima ni chama cha siasa, kwa maana uchaguzi ulikuwa unakaribia na jina lenyewe lilifanana na ahadi zao.

Mimi ni Rayhana, binti Mahmud wa duka la vitambaa karibu na stesheni ya reli. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya wasichana, na kwa miaka mitatu mfululizo nilikuwa nimeomba nafasi ya kusoma ng'ambo na kukataliwa. Hili nataka lieleweke mapema, nisije nikaonekana mtu mwema. Nilitaka kwenda. Nilitaka mpaka nikiona bahasha yenye stempu ya kigeni naisoma anwani, hata ikiwa si yangu. Nilikuwa nimechoka kusahihisha insha mia moja za Siku Ambayo Sitaisahau, zote zinazoanza na jogoo kuwika, na nilikuwa nimechoka kuulizwa na shangazi zangu kusoma kwangu kumeniletea nini.

Kwa hiyo Profesa Donald alipokuja Mei, miezi mitatu kabla ya kongamano, na kutafuta mtu wa kumfasiria, nilimkimbilia. Jina lake la ukoo lilikuwa refu na gumu, akatuomba tumwite Donald tu. Dakta Mutunga akawa anamwita Profesa Donald, kwa kuwa Mutunga hana uwezo wa kumwita mzungu jina tupu. Huyu Donald alikuwa amejifundisha Kiswahili kwa kanda za kaseti kwa wiki sita, na sijapata kuchoshwa na kitu kama hizo wiki sita. Alimsalimu kila mtu kwa jambo. Aliwaambia jambo wanafunzi wangu, polisi, na mbuzi wa jirani.

Alitaka watu ambao hawajawahi kuona kompyuta, awavishe kofia, awaonyeshe ndovu, halafu apime kama wataamini. Alichagua Mbololo, nje kidogo ya Voi, kwa sababu huko watu wanaishi na ndovu. Kazi yangu ilikuwa kufasiri maswali yake, kumwuliza kila mtu baada ya kuvua kofia, na kutia tiki. Kazi ikienda sawa, alisema, katika chuo chake kuna nafasi moja ya miaka miwili ya kusomea sayansi ya lugha, kila kitu kitalipwa na wafadhili wa utafiti wake. Barua angenipa siku ya mwisho ya kongamano. Usiku huo sikulala, nilikuwa nachagua nguo za kuvaa kwenye baridi.

Maswali yalikuwa kumi na mawili, na nusu yake yalikuwa ya kukanusha. Sababu alinieleza kwa upole mwingi, kama mtu anayemweleza mwenzake tabia za kuku. Watu wa vijijini, alisema, hupenda kumfurahisha mgeni, na kwa hiyo watajibu ndiyo kwa kila wanaloulizwa. Dawa yake ni kuyapindua maswali ili wasijue mgeni anataka jibu gani. Swali la tisa basi likawa, Hukudhani ndovu yule ni wa kweli? La kumi, Hukuogopa? Nilifasiri sawasawa, na mpaka leo sioni kosa katika maneno yale. Chini ya kila swali palikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, basi. Nilipomwuliza niandike wapi yale mengine watakayosema, alicheka, akaniambia maneno hayahesabiki.

Tulifanya kazi wiki moja katika ukumbi wa kanisa kule Mbololo, jenereta ikinguruma nje. Walikuja watu arobaini na mmoja, na kufikia siku ya pili mashine ilikwisha pata jina lake, kofia ya ndovu. Siku ya tatu akaja Wakio. Ni mama mjane, wakati huo kama wa miaka sitini, na shamba lake la mahindi liko kwenye njia ya ndovu wanaotoka mbugani. Walikuwa wamemlia mahindi misimu miwili, na mwaka uliotangulia walimvunjia tangi la maji. Alikataa kuvua kitambaa cha kichwani, ikabidi kofia ikae juu yake.

Aligeuza shingo huku na huku. Kisha akainama polepole, akainama zaidi, mpaka mkono ukagusa sakafu, na kijana aliyekuja na Donald kushika kamera akampiga picha pale pale. Alipovuliwa kofia alinitazama kwa masikitiko, kana kwamba mimi ndiye niliyemchorea.

"Mwalimu, hii ndovu haina harufu," alisema. "Jua kali hivyo, na hapepei masikio. Nimeinama niangalie nyayo, kumbe hata miguu haigusi chini. Nani alichora hii kitu?"

Nikamwambia imechorwa na mashine. Akasema basi hiyo mashine haijafika Mbololo. Nikamsomea swali la tisa, Hukudhani ndovu yule ni wa kweli? Akajibu, "Ndiyo. Mimi ni mtoto?" Nikatia tiki kwenye Ndiyo. Hukuogopa? Ndiyo. Nikatia tiki nyingine. Kwa harufu, masikio na nyayo hapakuwa na kisanduku.

Watu thelathini na wanane kati ya arobaini na mmoja walijibu kama Wakio. Watatu waliosema Hapana walikuwa wazee wawili waungwana waliotaka kumfurahisha mgeni, na mlevi mmoja. Fomu zikafungwa katika sanduku la bati, zikaenda Ulaya, na mimi nikarudi darasani kuwafundisha wasichana nyakati za vitenzi huku moyo uko kwenye ndege.

Kongamano lenyewe lilifanyika katika hoteli ya watalii karibu na geti la mbuga, imejengwa kilimani juu ya bwawa ambalo ndovu huja kunywa maji. Hiyo ndiyo sababu iliyowaleta Voi, kadiri nilivyosikia, kwamba ni mahali pa kipekee. Na kwa siku nne walifunga mapazia. Picha zao hazikuonekana vizuri kwenye mwanga, kwa hiyo kila asubuhi mhudumu alipita akivuta pazia moja baada ya jingine, na maprofesa wakaketi gizani kutazama ndovu wa kuchora wakati ndovu wenyewe wako chini ya dirisha. Mimi nilikuwa natoka mara kwa mara kwenda kuwatazama pamoja na wapishi. Ndani watu walikuwa wanabishana kama mtu anaweza kusema yuko mahali asipokuwapo, na Mmarekani mmoja alitumia saa nzima kuthibitisha kwamba hilo linategemea maana ya kuwa. Walimpigia makofi. Stima ilipotea mara mbili katikati ya hotuba yake, na kila mara nilitumaini haitarudi.

Dakta Mutunga siku hizo alikuwa mtu wa kuhurumiwa, ila mimi sikumhurumia. Alikimbia huku na huku na kibao chake cha kuandikia, akicheka kabla mzungu hajamaliza kichekesho. Aliniita madam mbele ya wageni na wewe mbele ya wapishi.

Siku ya mwisho Donald alikuwa na hotuba yake kubwa. Alikuwa ameniagiza nimlete Wakio, avae kofia mbele ya wote baada ya hotuba, wageni wajionee. Wakio alikuja amevaa gauni lake la kanisani na leso mpya begani. Mutunga akamwonyesha kiti cha nyuma kabisa, kisha akaniambia mimi, si yeye, kwamba asiguse kitu. Nikaketi kando yake. Kutoka pale niliweza kuona meza ya mbele, na juu ya meza bahasha ndefu nyeupe, na juu ya bahasha glasi ya maji ya Donald. Nilijua ni yangu. Ilikuwa na nembo ya chuo.

Mapazia yakafungwa, na ukutani akatokea Wakio, mkubwa kuliko mlango, ameinama na mkono uko chini. Donald alieleza kwamba huyu ni mkulima wa Mbololo ambaye amepiga magoti kwa hofu mbele ya mnyama asiyekuwapo. Alieleza kwamba kati ya watu arobaini na mmoja, thelathini na wanane walidhani ndovu ni wa kweli, na hao hao thelathini na wanane waliogopa. Akasema kwamba kwa mtu wa mjini kuna ukuta kati ya kuona na kuamini, lakini huku ukuta huo bado haujajengwa, na kwamba jambo hilo lina uzuri wake. Ukumbi ukacheka. Kilikuwa kicheko cha upole, cha watu wanaopenda watoto, na kilinikera kuliko matusi.

Hapo ndipo nilipofahamu. Kwa Kiingereza mtu akiulizwa hivyo na akajibu ndiyo, maana yake alidhani, aliogopa. Kwetu sisi ndiyo ni kumwambia mwulizaji umesema kweli, sikudhani, sikuogopa. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hili bila kufundishwa. Mtu aliyesomeshwa miaka ishirini alikuwa amezichukua ndiyo za Mbololo akazisoma kichwa chini miguu juu, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, ndiye niliyemfungia mzigo.

Wakio akanigusa goti.

"Wanacheka nini, mwalimu? Ile ni mimi."

Nilimwambia wamefurahi kumwona. Akasema yeye anajua mtu akifurahi anavyocheka. Nikaona kwamba atangoja jibu mpaka jioni. Basi nikamwambia. Nilimwambia wanasema alidhani ndovu ni wa kweli, na kwamba alipiga magoti kwa kuogopa.

Aliitazama ile picha.

"Na ile karatasi aliandika nani?"

"Mimi, mama."

"Na mimi nilikuambia nini?"

"Uliniambia hana harufu."

"Haya," alisema Wakio, akaikaza leso yake begani na kuacha kunitazama.

Nimewahi kudharauliwa na watu wengi, na wengi wao nilikuwa nawadharau pia, kwa hiyo halikuwa jambo la kunikosesha usingizi. Dharau ya Wakio ilikuwa ya haki, na niliona aibu mpaka kwenye masikio.

Mbele, Donald alikuwa ananiita. Alitaka nieleze kwa maneno machache jinsi maswali yalivyoulizwa, ili wageni wajue kazi ilifanywa na mtu wa lugha. Nilitembea katikati ya viti nikiitazama bahasha. Nakiri kwamba nilifika mpaka mbele bado sijaamua. Ningeweza kusema maswali yaliulizwa sawasawa, na lisingekuwa neno la uongo. Lakini nilipogeuka kuwakabili, picha ya Wakio ilinimulika mimi, nikawa nimesimama ndani ya gauni lake la shamba, na yeye mwenyewe kule nyuma ameketi wima akitazama mapazia.

Nikawaeleza. Nilitumia Kiingereza changu kizuri kabisa, kile nilichokuwa nimekiwekea akiba ya ng'ambo. Niliwaambia Wakio aliinama kutafuta nyayo. Niliwaambia habari za masikio. Halafu nikafika kwenye ndiyo, na nilipoona nyuso zao hazina kitu, nikamgeukia Dakta Mutunga aliyekuwa ameketi kwenye meza ya mbele, nikamwuliza kwa Kiswahili, "Daktari, hukuja na mkeo?"

"Ndiyo," akajibu Mutunga, bila kufikiri.

Nikawaambia wageni kwamba huyu bwana amesema hakuja na mke wake, lakini kwa hesabu ya Profesa Donald bibi huyo yumo humu ukumbini, na tafadhali atafutiwe kiti. Mjapani mmoja wa safu ya kwanza alicheka mpaka akavua miwani. Alisimama akasema kwao pia watu hujibu vivyo hivyo, akaketi, akaandika kitu katika daftari lake. Wengine waligeuka kumtazama Donald ili wajue kama inafaa kucheka.

Donald alinishukuru. Alisema ni mchango wa kuvutia sana, na kwamba mambo madogo ya lugha hayakosi, lakini idadi ya thelathini na wanane ni kubwa mno kutikiswa na neno moja. Mutunga, ambaye uso ulikuwa umemwiva, akainuka kueleza kwamba Kiswahili cha watu wa pwani kina vituko vyake. Yeye Mkamba, amejibu kama ninavyojibu mimi, mbele ya mashahidi mia moja na ishirini, na bado akasema hivyo. Kisha ikatangazwa chai. Hakuna aliyemkumbuka Wakio na kofia yake.

Donald alinifuata kwenye veranda, sambusa mkononi na bahasha kwapani. Hakuwa na hasira, na hilo nalo liliniudhi. Alieleza kwamba makala yatachapishwa yalivyo, na kwamba wafadhili hutoa nafasi ya masomo kwa mtu ambaye jina lake limo katika makala yaliyokwisha chapishwa, kwa hiyo barua ingengoja mpaka hapo. Ilikuwa juu yangu kuchagua. Mutunga alikuwa amesimama karibu, na nadhani ni kwa ajili yake kwamba Donald akaona ni wakati mzuri wa kuonyesha kaseti zake. Akaniuliza kwa Kiswahili, neno moja moja, "Rayhana, hutaki jina lako katika makala?"

Nilimtazama machoni.

"Ndiyo," nikasema.

Alitabasamu, akanipa mkono, akautikisa sana. Kisha akaitia bahasha katika mojawapo ya ile mifuko ya koti lake, na naamini hicho kilikuwa kitu cha kwanza kuingia humo tangu linunuliwe. Mutunga alifungua kinywa, akamtazama mzungu wake, akakifunga. Mimi nilidhani mtu amenipa mkono wa kwaheri, kistaarabu, kama wanavyofanya. Nikaenda kumtafuta Wakio.

Nilimkuta nje, kwenye kivuli cha ukuta, na kikombe cha chai aliyopewa na mpishi. Kabla sijasema neno aliinua pua yake kidogo, akasema, "Wako hapo." Sikuona kitu. Baada ya dakika chache wakatokea kwenye kichaka cha chini, ndovu sita, wakishuka bwawani na masikio yakipepea. Tuliwatazama. Mapazia ya ukumbi yalikuwa bado yamefungwa. Nilimrudisha mpaka kwake. Nilipofika nyumbani nililia, na sikulia kwa ajili ya Wakio. Nililia kwa ajili ya bahasha.

Mvua zilianza Oktoba, na Novemba zikawa balaa. Barabara ya Mombasa ilikatika, reli nayo ikakwama, barua zikalala tusikokujua. Katikati ya hayo ikanifikia bahasha nene yenye nembo ya chuo, imelowa kona zote. Ndani mlikuwa na kitabu cha kongamano, na nilipokifungua nilimkuta Wakio ameinama, na chini yake thelathini na wanane kati ya arobaini na mmoja, hakuna hata nukta iliyobadilishwa. Waandishi walikuwa watatu. Wa kwanza Donald, wa pili Mutunga, wa tatu Rayhana Mahmud.

Na barua. Chuo kilifurahi kwamba nilikubali jina langu liwemo, na kwa hiyo nafasi ni yangu, niripoti Septemba, nijibu kabla ya Krismasi, tiketi ingefuata.

Niliisoma mara nne ndipo nikaelewa. Yule mtu alinisikiliza robo saa nzima nikieleza maana ya ndiyo, akala sambusa juu yake, kisha akaniuliza swali lile lile la kukanusha, nikamjibu, na akaanguka tena katika shimo lile lile, shimo ambalo nilikuwa nimelizungushia kamba mbele ya macho yake. Nilicheka peke yangu nyuma ya marobota ya vitambaa mpaka Baba akaja kuuliza kuna nini.

Nikaacha kucheka nilipomwonyesha. Kwa maana barua ilikuwa ya kweli, imetiwa sahihi na muhuri. Baba aliisoma kwa miwani yake ya dukani, akaikunja vizuri, akasema, "Mwanangu, kosa si lako. Wewe ulisema kweli, yeye ndiye hakusikia. Nenda ukasome." Hakuwa na ubaya, alinitakia heri. Nami nilikuwa nimeyafikiri maneno hayo hayo kabla yake. Nani angejua? Makala yalikwisha chapishwa. Nikikataa jina halitafutika, na Wakio hatainuka kutoka kwenye ile picha. Kwa wiki mbili bahasha ilikaa katika saraka ya kaunta, na katika wiki hizo, Voi hii yenye joto, mimi nilikwenda sokoni nikanunua sweta zito la mitumba, la bluu, na nikalijaribu mbele ya kioo mlango ukiwa umefungwa.

Wiki ya tatu Wakio aliingia dukani. Alikuwa amekuja mjini kutafuta kitambaa cha gauni la Krismasi, na kwa mji huu duka la vitambaa la kuaminika ni la babangu. Alinisalimia kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mwuzaji. Nilimteremshia majora mawili, akayapapasa kwa vidole. Sijui kwa nini nilifungua saraka. Labda nilichoka kumficha siri mtu mmoja tu ambaye ana haki nayo.

Alikitazama kitabu. Alijitambua mara moja, akauliza kama wameandika habari za nyayo. Nikamwambia hawakuandika. Wameandika yale yale. Nikamwonyesha jina langu kwa kidole, nikamwambia hilo ni mimi, kisha nikamwonyesha barua na kumweleza yote, swali la veranda, jibu langu, chuo, miaka miwili, tiketi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Hakunilaumu. Alikuwa ananitazama kwa makini, vile alivyoitazama ile miguu isiyogusa chini.

"Kwa hivyo hutaenda?" aliuliza.

Sweta lilikuwa chini ya kaunta, katika mfuko wa plastiki, goti langu linaligusa. Nilikuwa nataka kwenda. Nataka mpaka leo.

"Ndiyo," nikasema.

Wakio aliitikia kwa kichwa. Hakuniuliza mara ya pili, wala hakunitaka nieleze. Alichagua kitambaa cha maua ya kijani, nikampimia yadi tatu na kumwongezea nusu, akaniaga kwa kuniita mwalimu.

Alipotoka nilichukua karatasi nikamjibu Profesa Donald. Sikuandika salamu wala sababu. Niliandika neno moja tu la kukataa, kwa herufi kubwa, na nililiandika kwa Kiingereza, kwa maana kwa Kiswahili angenitumia tiketi.